Vile vya Juu ya Keki Mnaviitaje Kwenu?

Kwenye kila sherehe ya kuzaliwa, iwe Tandika au Kawangware, yupo mtoto mmoja asiye na habari na keki yenyewe. Anachotaka ni vile vya juu. Anavidonoa kimoja kimoja, analamba kidole, kisha anarudisha kipande sahanini kikiwa kipara. Mwulize anakula nini: "Vile vya rangi." Mwulize mama yake: "Vile vya kurembea." Mwulize mwoka keki mwenyewe, mwenye biashara na bango barazani: atanyoosha kidole kwenye kopo la rafu ya juu. Watu walewale wanaoibadilishia nazi jina kila inapokua, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, mbata, wamefika kwenye vipunje vya sukari wakaishiwa.

Wenzetu kwingineko wana tatizo la kinyume. Majina wanayo tele, na kila mji unaamini jina la mji wa jirani ni ushamba. Kwa hiyo nimejiteua kuwa mwamuzi. Majina kumi, tunaanzia mkiani. Kipimo ni kimoja tu: jina bora ni lile ambalo mgeni akitafsiriwa hamu inamkata, huku mwenyeji akiendelea kutafuna bila kupepesa. Ladha haihesabiwi, maana ladha ni ileile dunia nzima, sukari iliyovaa rangi. Rufaa hazipokelewi.

10. Vya kunyunyiza

Wamarekani wengi husema "sprinkles", yaani vitu vya kunyunyiza. Wajerumani wana "Streusel", Waswidi "strössel", Wapolandi "posypka", na yote yametokana na kitenzi cha kumwagia kidogokidogo. Hayo ni majina ya karani wa bohari. Kwa mtindo huo kitanda kingeitwa kilalio na ubishi uishe.

Mjerumani angalau ana tahadhari. Ukiingia kwenye duka la mikate ukataja Streusel peke yake, utapewa keki yenye chenga za unga, siagi na sukari zilizookwa juu yake hadi zikawa ngumu. Ukitaka za sukari useme za sukari, ukitaka za chokoleti useme za chokoleti. Nafasi ya kumi, na wamshukuru mwamuzi kwa kuwa orodha haina ya kumi na moja.

9. Vidonge, cheche na shanga

Kihispania ni lugha moja mpaka ifike kwenye keki. Mexico utasikia "chispas", cheche za moto, na "grageas". Hilo la pili lina makazi mawili, maana "gragea" ni pia kidonge cha hospitali kilichopakwa sukari ili mgonjwa asikunje uso. Argentina wao husema "granas", wakimaanisha punje. Chile ni "mostacillas", neno lilelile la vishanga vidogo vya kutungia bangili.

Mchile anaweza kuingia duka la ushonaji na duka la vifaa vya keki akaomba kitu kwa jina lilelile, na wa kuonewa huruma ni yule fundi wa bangili aliyemtuma mumewe. Shanga zingepanda juu zaidi kwenye orodha hii, ila sisi watu wa pwani tunajua shanga huvaliwa wapi na kwa kazi gani, na kazi hiyo haijadiliwi mbele ya watoto wenye keki mkononi.

8. Punje za mgombea aliyeanguka

Wabrazili husema "granulado", kilichofanywa punjepunje. Jina halina kosa wala raha. Limeepuka mkia kwa sababu ya kitu linachokifunika: brigadeiro, tonge dogo la maziwa mazito ya kopo, kakao na siagi, linaloviringishwa kiganjani kisha kugaragazwa kwenye vipunje vya chokoleti. Sherehe ya mtoto bila brigadeiro, Brazil, ni mkutano tu.

Mwaka 1945 nchi hiyo ilikuwa ikielekea uchaguzi wa rais, na mmoja wa wagombea alikuwa Eduardo Gomes, brigedia wa jeshi la anga. Alikuwa kapera, na sura ilikuwemo. Inavyosimuliwa, akina mama waliomuunga mkono walitengeneza vitamu hivyo wakaviuza kuchangia kampeni, na cheo chake kikaganda kwenye sukari. Desemba ikafika, kura zikapigwa, brigedia akabwagwa na Jenerali Eurico Gaspar Dutra. Akarudi tena 1950, akabwagwa tena, mara hii na Getúlio Vargas. Dutra na Vargas wako kwenye vitabu vya historia. Gomes analiwa kila wikendi. Wagombea wetu wanaogawa kanga na kofia wazingatie hilo, kanga huchakaa.

Huko kusini kabisa, jimbo la Rio Grande do Sul, tonge hilohilo huitwa "negrinho", kijeusi. Wagaucho wanalitamka bila wazo lolote. Mimi kwa Kiswahili nisingependa kulitangaza mezani.

7. Bila kifani

Vile vidogo kuliko vyote, vya mviringo, vinavyopotelea kwenye nyufa za meza na kuibuka Idi inayofuata, Wafaransa waliviita "nonpareille": visivyo na mfano. Majigambo ya namna hiyo sisi huyasikia kwenye mipasho, tena kutoka kwa mtu mwenye sauti. Kipunje cha milimita moja kimeyapata wapi?

Kilichoniburudisha ni vita ya binamu. Chukua kidonge bapa cha chokoleti, kichovye upande mmoja kwenye vipunje hivyo. Marekani kinabaki na jina la Kifaransa, "nonpareil". Uingereza kinaitwa "jazzie", kwa sababu wanazozijua wao. Australia ni "freckle", yale madoadoa ya kahawia yanayotokea kwenye nyuso za watu weupe wakipigwa na jua. Mtoto wa Sydney anakwenda dukani kununua madoa ya uso ya senti kadhaa, anayala, anafurahi. Waaustralia watarudi tena baadaye kwenye orodha hii. Hawajamaliza.

6. Tambi

Ufaransa ni "vermicelles", Hispania ni "fideos de chocolate", na hata kwenye makopo ya Uingereza, chokoleti inapohusika, utakuta neno "vermicelli". Zote ni tambi. Kwa msomaji wa Kiswahili huku ni kujisumbua bure. Tambi za sukari tunazo: tunazikaanga kidogo, tunazipika kwa tui na iliki, tunafuturia. Hatuzimwagi juu ya chakula kingine na kuita urembo.

Ukichimba zaidi, neno lenyewe kwa Kiitaliano lina maana ya vijiminyoo. Hapo hamu ingekatika vizuri tu na alama zingemiminika, ila hakuna anayekumbuka tena, si mla keki wala mla tambi. Jina lililojisahau halipandi zaidi ya hapa.

Mapumziko: mbona sisi hatumo?

Nasikia kelele kutoka Mombasa, na Unguja wameshaanza kupandisha sauti. Tulieni. Vya juu tunavyo tangu zamani na majina yake tunayajua. Kuna shira, neno lililotuvukia kutoka Uajemi, sukari iliyochemshwa hadi ikashika uzi, inayomiminiwa kaimati na kugeuza visheti kuwa vya kung'aa. Wapo wanaosema kalimati badala ya kaimati, na Waswahili wa Muscat watakukumbusha kwamba kule ni luqaimat na juu yake inaweza kuja asali ya tende. Kuna ufuta. Kuna zabibu zilizopangwa juu ya mkate wa mayai kwa subira ambayo vijana wa siku hizi hawana.

Ugomvi wa majina pia tunao wa kutosha. Mkate wa sinia wa Mombasa ukivuka maji unakuwa mkate wa kumimina. Mabuyu yanakuwa ubuyu. Mahamri na maandazi sitayagusa, nina familia.

Lakini kipimo ni kipimo. Majina yetu yana adabu mno. Nani aliwahi kusikia "shira" akasukuma sahani? Zabibu ni zabibu, ufuta ni ufuta, vimewekwa pale na vinaitwa kwa majina yao ya kuzaliwa. Hatukumtukana mtu, hatukumtisha mtu. Kwenye mashindano haya huo ni udhaifu. Vile vya rangi vilivyokuja na makopo ndiyo kabisa, hata akika hatujavifanyia. Tuendelee.

5. Mamia na maelfu

Mwingereza alivitazama, akaanza kuvihesabu, akachoka, akaandika makadirio. "Hundreds and thousands." Jina la hesabu, lisilosema ni vya rangi gani, vitamu au vichungu, vya kula au vya kujengea. Waokaji wetu waliojifunzia kwenye vitabu vya mapishi vya Kiingereza walikutana nalo, na sishangai halikushika. Mtu akikuambia kwa Kiswahili "mamia na maelfu", akili inakwenda moja kwa moja kwenye taarifa ya habari: mamia na maelfu ya wananchi wamejitokeza kumlaki mgeni rasmi. Hakuna mgeni rasmi aliyewahi kulakiwa juu ya keki.

Jina lingeishia nafasi ya nane kama lisingepanda meli kwenda Australia na New Zealand. Kule walifanya jambo ambalo Mwingereza hakulithubutu, waliondoa keki. Chukua boflo jeupe, la kawaida kabisa, lile linalonywea ukilishika. Lipake siagi, si jamu, siagi. Limwagie mamia na maelfu mpaka weupe usionekane. Kata pembetatu. Hicho ndicho chakula cha heshima cha sherehe ya mtoto, na gazeti la Hobart, kisiwani Tasmania, lilikitaja tangu 1929. Mtu mzima mwenye shahada na mkopo wa nyumba atakutetea pembetatu hizo kwa machozi.

Na wanakiitaje? "Fairy bread." Wale viumbe wadogo wa hadithi za Kizungu, wenye mbawa, wanaotokea bustanini. Sisi wa karibu nao tulionao ni vibwengo. Sasa mwambie bibi wa Makunduchi kwamba wajukuu zake walioko Melbourne leo mchana wamelishwa mkate wa vibwengo, tena kwenye siku yao ya kuzaliwa. Atatafuta ubani kwanza, simu ya mwalimu wa chuo baadaye. Hapo ndipo alama zilipopatikana. Mamia na maelfu peke yake hayamtishi mtu. Ukishaongeza vibwengo, tunaelewana.

4. Sare: vishetani na lulu za mapenzi

Mwamuzi ameshindwa kuamua.

Upande mmoja ni Napoli. Krismasi ikikaribia, akina mama wa huko hukaanga vidonge vya unga vidogo sana, huvigaragaza kwenye asali na kuvipanga mlima au duara. Vinaitwa struffoli, na Mswahili yeyote atakayeviona ataviita kaimati zilizozaliwa kabla ya siku zake. Juu yake humwagwa vipunje vya rangi, na vipunje hivyo, kwa lugha ya Napoli, ni "diavulilli". Vishetani. Sikukuu ya kuzaliwa kwa Masihi, mezani kuna mlima wa asali, na juu ya mlima wamekaa mashetani wadogo wa rangi nyekundu, kijani na njano. Padri anapita, anakula, anasifia. Mwenyeji hajapepesa. Kwingineko Italia vile virefu virefu huitwa "codette", vimkia. Sijauliza ni vya nani, lakini mtuhumiwa ninaye.

Upande wa pili ni Görlitz, mji wa Ujerumani ulio mpakani kabisa na Poland. Mtengeneza peremende Rudolf Hoinkis ndiye anayehusishwa na jina "Liebesperlen", lulu za mapenzi, tangu 1908. Wanasimulia kwamba alipokosa jina la kuvipa vipunje vyake alimwambia mkewe anampenda kama anavyozipenda lulu hizo, na biashara ikapata jina papo hapo. Lulu zenyewe ni kubwa kidogo, na huuzwa kwenye vichupa vilivyotengenezwa kwa umbo la chupa ya kunyonyeshea mtoto. Mapenzi kwanza, kichupa baadaye. Wajerumani ni watu wa utaratibu.

Lulu hazikati hamu, hilo najua. Zimepata sare kwa sababu moja ya kibinadamu: huyu bwana alimfananisha mkewe na kitu cha milimita chache, na alilala nyumbani.

3. Cha juu kilichochapwa

Agiza Sachertorte mjini Vienna. Ni keki ya chokoleti ambayo jadi yake inarudishwa hadi 1832, kwa kijana wa miaka 16, Franz Sacher, aliyekuwa jikoni kwa waziri Metternich. Italetwa na kichuguu cha krimu nyeupe pembeni. Ujerumani krimu hiyo ni "Schlagsahne". Uswisi utasikia "Schlagrahm". Vienna ni "Schlagobers", na ukiiita Sahne mhudumu atakuletea bila neno, ila meza nzima itakuwa imeshajua kwamba huyu si wa hapa.

"Obers" ni kile cha juu, utandu unaokaa juu ya maziwa. "Schlag" ni pigo. Kwa hiyo bibi wa Kiviena mwenye kofia na glavu anaketi, anakunja mikono, na kuagiza cha juu kilichochapwa. Akishamaliza, kuna keki nyingine imepakwa sukari ya aisingi. Mjerumani sukari hiyo huiita ya poda. Mwaustria huiita "Staubzucker", sukari ya vumbi. Keki imepigwa vumbi, imewekewa kilichochapwa, na inauzwa ghali.

Msidhani hawa wanatania. Austria ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 1995 iliingia na waraka maalumu, Itifaki namba 10, unaolinda maneno 23 ya chakula ya Kiaustria yasimezwe na ya Kijerumani cha Ujerumani. Viazi vimo. Nyanya zimo. Na Obers imo. Nchi nyingine zinapoingia kwenye jumuiya hubishania bandari na ushuru wa forodha. Austria ilitia saini na krimu yake ikiwa salama. Fikirieni Jumuiya ya Afrika Mashariki ikae Arusha ijadili maandazi na mahamri. Wajumbe wangezeekea ukumbini.

Kuna zaidi. Mwaka 1924 Richard Strauss, mtunzi mkubwa wa muziki, aliwapa Waviena onyesho zima la ngoma ya jukwaani linaloitwa "Schlagobers", kuhusu mtoto aliyekula krimu kupita kiasi kwenye duka la keki hadi akaanza kuota mchana. Na keki yenyewe ya Sacher iliwapeleka mahakamani Hoteli Sacher na duka la Demel, wakabishana miaka na miaka nani mwenye haki ya kusema ni ya asili, pamoja na suala la kama jamu ikae katikati ya keki au chini ya ganda la chokoleti peke yake. Wakamalizana 1963. Ni watu wa kuogopwa.

Wangechukua nafasi ya kwanza. Wamepoteza alama kwa kosa moja ambalo mwamuzi hana namna ya kulifumbia macho: krimu yenyewe hawaitii sukari.

2. Akina Juma

Boston, na New England kwa jumla, na tena Philadelphia na vitongoji vyake, vipunje vinaitwa "jimmies". Katikati ya miji hiyo miwili ipo New York, ambako hakuna anayeelewa hilo ni jina la nini, na hali hiyo inawafurahisha watu wa pande zote mbili. Ukisimama Boston mbele ya dirisha la aiskrimu ukaomba sprinkles utahudumiwa vizuri, kisha mtu nyuma yako ataguna. Wapo wanaotenganisha: vya chokoleti ni jimmies, vya rangi ni sprinkles, na wapo wanaosema vyote ni jimmies, na hao wote wawili wanaweza kuwa mume na mke.

Ni jina la mtu. Jimmy, kwa wingi. Kwa Kiswahili mteja anasema hivi: "Naomba keki ya vanila, na juu uniwekee akina Juma." Wangapi? "Waweke wengi, watoto wanawapenda."

Sasa huyo Jimmy ni nani? Washukiwa ni watatu. Wa kwanza analetwa na kampuni ya peremende ya Just Born, iliyoanzishwa na Samuel Born mjini Brooklyn mwaka 1923 na kuhamia Bethlehem, Pennsylvania, mwaka 1932. Kampuni husimulia kwamba mfanyakazi wake, James Bartholomew, ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya vipunje, na jina likatoka kwake. Simulizi tamu, na ya kampuni inayouza utamu. Wanaochimba historia ya maneno bado wamekunja mikono.

Mshukiwa wa pili ana machozi ndani yake. Mwaka 1948 daktari wa Boston, Sidney Farber, aliyekuwa akipigana na saratani ya watoto, alimficha mgonjwa wake mmoja wa miaka 12 kwa jina la Jimmy. Mtoto akasikika redioni nchi nzima akizungukwa kitandani na wachezaji wa besiboli wa Boston Braves, fedha zikamiminika, ukaanzishwa mfuko wa Jimmy Fund ambao upo hadi leo. Mwaka 1998 Jimmy alijitokeza: Einar Gustafson, dereva wa lori wa jimbo la Maine, mzima wa afya. Wengi Boston wanaapa kwamba vipunje viliitwa hivyo ili kuusaidia mfuko huo. Ningependa iwe kweli. Kinachowaangusha ni kalenda, kwa kuwa jina la vipunje lilishachapishwa 1930, juu ya keki, wakati Einar hajazaliwa.

Wa tatu ni mzito zaidi. Baadhi ya watu wamelikwepa jina hilo wakiamini linatokana na Jim Crow, ile mifumo ya kuwabagua Wamarekani weusi, maana vipunje vya chokoleti ni vyeusi. Katika nchi yenye historia ile, shaka hiyo si ya kuchekwa. Ila ushahidi wa kuunganisha hayo mawili haujapatikana.

Kwa hiyo kesi iko wazi, mtuhumiwa hajulikani, na Boston inaendelea kula watu wasio na ukoo. Nafasi ya pili, kwa ujasiri.

1. Mvua ya mawe, vipanya, na kile panya anachoacha

Uholanzi haikuja kushindana, ilikuja kuchukua kombe na kuondoka.

Tuanze taratibu. Vipunje vya chokoleti huko ni "hagelslag", mvua ya mawe. Jambo linaloharibu paa na bustani ndilo walilomwagia mkate. Na hawakungoja sherehe. Mholanzi mzima, aliyevaa tai, anayewahi treni, anapaka siagi mkate asubuhi, anaumwagia mvua ya mawe, anaukunja, anakwenda kusimamia benki. Kampuni ya Venz ndiyo inayotajwa kuanza kutengeneza vya chokoleti mwaka 1936. Kabla yake vilikuwepo vya ladha ya anisi. Pwani yetu tunakunywa chai kwa mkate wa mofa na tunajiona tuna watoto waharibifu.

Mvua ya mawe pekee ingetosha nafasi ya tano. Sasa subirini mtoto azaliwe.

Mtoto akizaliwa Uholanzi, wageni hawapewi uji wala pilau. Wanapewa kipande cha mkate mkavu wa mviringo, kimepakwa siagi, na juu yake "muisjes". Vipanya. Ni mbegu za anisi zilizovikwa sukari, na kikonyo kidogo kinachobaki kwenye mbegu ndicho mkia. Vyeupe na waridi ndivyo vya jadi. Baadaye vikaja vyeupe na bluu kwa wavulana. Kampuni ya De Ruijter, iliyoanzia Baarn mwaka 1860, imejijengea jina juu ya vipanya hivi. Binti mfalme Beatrix alipozaliwa mwaka 1938 vilitoka vya rangi ya chungwa, rangi ya ukoo wa kifalme, na alipozaliwa mjukuu wake Amalia mwaka 2003 vikatoka tena. Taifa zima likala vipanya vya chungwa kwa heshima ya ufalme. Hebu jaribu kupeleka habari hiyo kwa kungwi wa Pemba: mzazi ametoka leba, na wageni wanatafuna panya chumbani.

Bado. Kuna ambao hawataki punje, wanataka unga wake laini. Hao wametengenezewa "gestampte muisjes", vipanya vilivyopondwa. Imeandikwa hivyo kwenye kopo, kwa herufi nzuri, na kopo linakaa kabatini karibu na sukari ya chai.

Vuka mpaka uingie Ubelgiji, kwa wale wanaosema Kiholanzi cha Flanders. Hapo kuna waliotazama ile mvua ya mawe ya chokoleti, myembamba, ya kahawia iliyokolea, wakaona uongo wa nini. Wanaiita "muizenstrontjes". Ni mavi ya panya, samahani kwa walio mezani. Kila mwenye stoo ya mahindi anajua kwamba mfanano ni wa kweli kabisa. Mtoto wa Antwerp anaamka, anamwambia mama yake anataka mkate wenye mavi ya panya, mama anasema kaa vizuri usimwage. Kipimo changu nilikitunga kwa ajili ya dakika hii.

Na jina halikubaki Ulaya. Waholanzi walilipeleka Indonesia wakati wa ukoloni, na kule "muisjes" ikalainika ikawa "meses". Njiani mzigo ulibadilishwa, kwa maana meses za Indonesia kwa kawaida si anisi, ni vipunje vya chokoleti. Yaani kile Mholanzi anachokiita mvua ya mawe, Mwindonesia anakiita vipanya, na Mbelgiji katikati ana maoni yake kuhusu uhusiano wa hivyo viwili. Jakarta meses humwagwa juu ya mkate, juu ya keki, na juu ya martabak manis, chapati nene yenye matundu inayopikwa usiku kando ya barabara na kupakwa siagi hadi ichuruzike. Muuzaji atakuuliza kama uongezewe cha pili juu yake, na wateja wengi hujibu ndiyo. Cha pili ni jibini. Vipanya vimesafiri kutoka Baarn hadi Bahari ya Java, na hatimaye vimeletewa jibini.